Saa Yenye Jambia

Hadi katikati ya mwaka 1970 mji wa Maskati ulikuwa na malango, na malango hayo yalifungwa kila usiku, saa tatu baada ya jua kuzama. Mzinga ulilia kutoka ngome ya Mirani, milango mizito ikasukumwa, na aliyechelewa akalala nje ya ukuta. Aliyekuwa ndani akitaka kwenda hata kwa jirani ilimpasa abebe taa ya mkononi, uso wake uonekane. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kupiga hesabu. Ilikuwa saa tatu usiku, kwa hesabu ileile tunayoitumia sisi mpaka leo.

Nchi nzima wakati huo ilikuwa na skuli tatu, na barabara ya lami ya kilomita kama 10 tu. Tarehe 23 Julai 1970, Qaboos bin Said, kijana wa miaka 29 aliyesomea uaskari Sandhurst, Uingereza, alimwondoa madarakani baba yake, Sultani Said bin Taimur. Malango yakaachwa wazi. Kisha neno likapelekwa kwa Waomani waliotawanyika duniani: rudini, nchi inahitaji watu waliosoma. Wakatoka Unguja na Pemba, Mombasa, Dar es Salaam, hadi Bujumbura, na wengine walikuwa wameshatangatanga miaka kadhaa tangu Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Wakaingia maofisini, hospitalini, jeshini na kwenye kampuni ya mafuta, na Kiswahili chao wakaingia nacho. Ndiyo maana leo ukikaa kwenye mkahawa wa Maskati unaweza kusikia meza ya pili wakizungumza Kiswahili cha Ng'ambo ya Unguja, safi kabisa, kama hawajatoka Michenzani.

Nimeanzia huko kwa sababu saa ninayotaka kuieleza imezaliwa katika miaka hiyo, na sijapata kuona saa nyingine inayoeleza vizuri zaidi kwa nini watu wazima, wenye akili zao, huweza kutoa bei ya nyumba kwa kitu cha kuvaa mkononi.

Kwa mwili wake ni Rolex kama Rolex nyingine: kasha la chuma au la dhahabu, akrabu, kioo, na kwa nyingi kidirisha cha tarehe. Lakini kwenye uso wake, mahali ambapo pangebaki patupu, pamechapwa jambia ndani ya ala yake, na nyuma yake panga mbili zimepishana. Hiyo ni nembo ya Oman. Ziko zenye jambia la rangi ya dhahabu, ziko zenye jambia jekundu, na nyingine badala ya jambia zina jina la Qaboos kwa saini ya Kiarabu. Sultani aliziagiza kupitia Asprey, duka la vito la London lililoanza mwaka 1781, ambalo jina lake limechorwa mgongoni mwa baadhi ya saa hizo, naye akazigawa zawadi. Kulikuwa na Submariner na Sea-Dweller, saa za wapiga mbizi, ambazo nyingi ziliishia mikononi mwa askari wa Uingereza waliopigana upande wake katika vita vya Dhofar, kusini mwa Oman. Kulikuwa na Daytona, saa ya madereva wa mashindano. Kulikuwa na Day-Date za dhahabu kwa wakubwa. Patek Philippe nao walitengeneza zao.

Ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya ami yangu, jamaa wa upande wa baba, aliyehamia Maskati mwaka 1972 akiwa mwalimu wa hesabu na kumalizia kazi yake wizarani. Ni Datejust ya chuma, jambia la dhahabu chini ya namba 12. Aliivua, akaitandikia leso, akaiweka juu ya leso, ndipo akaniruhusu niiguse. Niliposogeza sikio nikasikia mwendo wake. Saa za aina hiyo za miaka ya 1970 hupiga mara 19,800 kwa saa moja, yaani mapigo matano na nusu kila sekunde. Mpya za leo hupiga mara 28,800. Hakuna betri. Kuna kamani iliyojikunja ndani ya kikombe chake, inajaribu kujikunjua, na kuna kigurudumu kidogo kinachokwenda na kurudi na kuiruhusu ijikunjue kidogo kidogo tu. Mkono ukitikisika, kamani inajikaza upya. Kwa hiyo saa ile ilikuwa ikiishi kwa mwendo wa mkono wa ami yangu kwa karibu miaka 50.

"Kuna mtu Dubai hunipigia simu kila mwaka," aliniambia. "Anataka niuze. Mwaka huu kaongeza." Akaichukua, akairudisha mkononi. "Sayyid Qaboos hakunipa pesa, mwanangu. Kanipa salamu. Salamu nitaiuzaje?"

Neno lile, salamu, limenikaa kichwani tangu siku hiyo, na kila ninaposoma habari za minada ya saa ninaliona limejificha humo.

Chukua saa maarufu kuliko zote. Mwigizaji wa Marekani Paul Newman alipenda kuendesha magari ya mashindano. Mkewe, Joanne Woodward, mwigizaji pia, alimnunulia Daytona, akachora mgongoni mwake maneno machache ya kumsihi aendeshe kwa uangalifu, yakimalizika na neno linalomaanisha "mimi". Saa yenyewe ilikuwa na uso wa mtindo ambao wateja wa wakati huo hawakuutaka; madukani ilikuwa ikilala. Mwaka 1984 Newman akampa kijana aliyekuwa mpenzi wa bintiye. Tarehe 26 Oktoba 2017, nyumba ya mnada ya Phillips iliiuza New York kwa dola 17,752,500. Chuma kile, kioo kile na magurudumu yale havikufikia hata sehemu ndogo ya bei hiyo. Kilichonunuliwa ni sauti ya mke mwenye wasiwasi, iliyochorwa mahali ambapo mvaaji peke yake anaijua, kwa kuwa inagusa ngozi yake.

Zipo saa zilizopita bei hiyo. Mwezi Novemba 2019, kule Geneva, Patek Philippe moja ya chuma iliyotengenezwa maalumu kwa mnada wa hisani ilifika faranga za Uswisi milioni 31. Naiheshimu kazi iliyomo ndani yake, lakini siioni ikinitoa machozi.

Inafaa tukumbuke pia kwamba saa hizi zilitengenezwa wakati zilipokuwa zinakaribia kukosa kazi. Siku ya Krismasi ya mwaka 1969, huko Tokyo, Seiko ilitoa saa ya mkono ya kwanza ya kwatzi kuuzwa sokoni, saa inayoongozwa na kipande cha jiwe kinachotetemeka kwa umeme wa betri. Ilikuwa sahihi kuliko saa yoyote ya mkono ya kamani. Miezi saba baadaye Qaboos akawa Sultani. Katika miaka ileile alipokuwa akiagiza zawadi zake, viwanda vya Uswisi vilikuwa vinaanguka kimoja baada ya kingine. Wafanyakazi wa saa waliokuwa karibu 90,000 mwaka 1970 walibaki kama 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Tangu hapo hakuna mtu anayehitaji saa ya kamani ili ajue saa. Kazi iliyoibakia ni ya kubeba: kubeba jina, kubeba cheo, kubeba kumbukumbu ya mtu.

Hapa ndipo linapoingia suala la kujionyesha, na ninataka kulisema bila kulionea aibu. Huku pwani tumezoea kumcheka kijana anayekunja mkono wa shati kwenye baridi ya kiyoyozi ili saa ionekane, au anayepiga picha mkono ukiwa juu ya usukani. Lakini jambia lenyewe lilikuwa nini? Mwanamume wa Kiomani, na wengi wa babu zetu wa Unguja, hakutoka siku ya Idi wala kwenda harusini bila jambia kiunoni, ala imefumwa kwa nyuzi za fedha, mpini wakati mwingine ni wa pembe ya kifaru iliyovushwa kutoka Afrika Mashariki. Aliyejua kusoma alisoma. Ala yenye pete saba, mtindo wa Saidi, ilihusishwa na ukoo wa Sultani. Ya kawaida ilikuwa na pete nne. Mtu alisimama mlangoni na kabla hajatoa salamu wenyeji walishajua ametoka wapi. Hakuna aliyemwita mlimbwende. Alikuwa amevaa nasaba yake.

Ninachokiona katika saa ya ami yangu ni kwamba jambia lilipanda kutoka kiunoni hadi mkononi. Ofisi mpya za Maskati zilikuwa na meza, viti vya kuzunguka na mashine za chapa, mahali ambapo silaha ya kiunoni ingemkera mwenyewe kila anapokaa. Likachapwa dogo, chini ya milimita kumi, juu ya saa ambayo mtu angeitazama mara mia kwa siku. Mgeni angeona Rolex. Mwenyeji angeona nani aliyempa.

Baadhi ya wasomaji watasema: basi huko ni kuibadilisha saa, na wapenzi wa saa si ndio wanaolaani saa zilizobadilishwa? Ndiyo, na hapa mambo yana utamu wake. Rolex haikuwahi kuwa na jambia katika orodha yake ya bidhaa. Kadhalika haikuwa na nembo ya pizza, lakini kampuni ya Domino's ya Marekani iliwapa mameneja waliofikia kiwango cha mauzo saa aina ya Air-King yenye nembo ya Domino's usoni. Kampuni ya wapiga mbizi ya Ufaransa, Comex, ilikuwa na za kwake, na majeshi ya Umoja wa Falme za Kiarabu yalikuwa na zenye nembo ya mwewe wa Kikureishi. Leo nyingi kati ya hizo zinauzwa ghali kuliko ndugu zao zilizotoka kiwandani zikiwa na uso mtupu.

Kwa upande wa pili kuna mafundi wa zama hizi wanaochukua saa mpya na kuigeuza. Mjini London, George Bamford alijipatia jina kwa kuzivisha Rolex rangi nyeusi; mwaka 2017 kundi la LVMH, wenye TAG Heuer na Zenith, lilimkaribisha afanye kazi hiyo kwa idhini yao. Wengine hutoboa kasha na mkanda na kupachika almasi mpaka dhahabu yenyewe isionekane. Kazi ya kupachika mawe ni ufundi mkubwa. Fundi hukaa na darubini jichoni akichimba vishimo vyembamba na kukunja ncha za dhahabu juu ya kila jiwe. Lakini tundu likishatobolewa halizibiki, saa iliyokuwa ikizuia maji inaweza isizuie tena, na kiwanda hukataa kuitengeneza.

Mvutano huo ulifika mahakamani. Rolex iliishtaki kampuni ya Geneva inayozibadilisha saa zake, na mwezi Januari 2024 mahakama ya juu kabisa ya Uswisi ikatoa mwongozo. Mteja akileta saa yake mwenyewe na kuomba ibadilishwe kwa matumizi yake binafsi, fundi hana kosa. Kununua saa, kuibadilisha na kuiingiza sokoni ikiwa bado ina jina la mtengenezaji, bila ridhaa yake, ni kuvunja haki ya alama ya biashara. Ni hukumu ninayoikubali. Inatambua kuwa saa ikishanunuliwa ina mwenyewe, na inatambua pia kuwa jina lina mwenyewe.

Ila sheria inauliza saa ni ya nani, na mkusanyaji anauliza swali jingine: nani alimpa nani, na kwa lipi? Saa iliyofunikwa almasi hulijibu swali hilo kwa bei tu. Naiona ikimeta kwenye video za muziki, na ninampongeza aliyetoka kijiwe cha bodaboda hadi kufika hapo, maana najua safari yake. Lakini miaka 40 ijayo, saa ile ikiwa mkononi mwa mtu mwingine, itakuwa na kipi cha kumwambia? Laiti angechora mgongoni mwake jina la mama yake na tarehe ya shoo ya kwanza iliyojaa watu. Gharama yake haifikii ya almasi moja.

Wala sitaki kuzitukuza saa za jambia kupita kiasi. Zile za wapiga mbizi zilizotolewa kwa askari ni malipo ya vita. Tarehe 19 Julai 1972, kwenye mji mdogo wa Mirbat, askari tisa wa kikosi maalumu cha Uingereza pamoja na askari wenyeji walikabiliana na mamia ya wapiganaji wa Dhofar tangu alfajiri, na Sajini Talaiasi Labalaba, mzaliwa wa Fiji, alikufa akiuendesha mzinga. Waliokuwa upande wa pili walikuwa watu wa milimani waliosahauliwa na Sultani wa zamani, wasio na skuli wala hospitali, na ndiyo maana waliinuka. Qaboos mwenyewe alilikubali hilo kwa vitendo, kwani alichimba visima, akajenga zahanati na barabara wakati vita vikiendelea, akatoa msamaha, na Desemba 1975 akatangaza kuwa vita vimekwisha. Anayeinunua leo Sea-Dweller yenye jambia jekundu anunue akijua hayo. Saa hiyo haikutoka katika hadithi ya kifalme peke yake. Upo mlima nyuma yake, na watu waliozikwa huko.

Kwa kuwa jambia hupandisha bei mara nyingi, waghushi nao wamejitokeza. Wanachukua Rolex halali ya miaka ya 1970 na kuichapa nembo juu yake. Kila kitu ndani ni cha kweli ila hicho kimoja kinacholipiwa. Wajuzi hutazama kwa darubini: unene wa wino, kingo za panga, jinsi nembo inavyozeeka pamoja na uso uliobaki. Uso mweusi uliopigwa na jua la nchi zetu hugeuka rangi ya kahawa, na wakusanyaji huuita wa kitropiki na kuulipia zaidi; nembo ikiwa mpya juu ya uso uliozeeka, kuna jambo. Na kwa kuwa Rolex haitoi kwa watu dondoo za kumbukumbu zake kama wafanyavyo Patek Philippe, ushahidi hubaki kwa binadamu: barua ya ikulu, picha ya siku ya kukabidhiwa, risiti, au mzee aliye hai anayekumbuka.

Mzee akifa kabla hajaulizwa, nusu ya saa imekufa naye. Nalisema hili kwa uchungu wa nafsi yangu.

Marehemu baba alikuwa fundi mitambo wa meli. Saa yake ilikuwa Seiko 5, saa ya watu wa kazi, isiyo na bei ya kutisha, nayo pia hujikaza kwa mwendo wa mkono. Kioo kilikuwa na mikwaruzo, kasha limechubuka kwa kugongana na vyuma vya injini, na mgongoni alikuwa ameparaza kwa ncha ya msumari namba yake ya kazi, kwa sababu mabaharia walivua saa wakati wa kuoga na saa zote zilifanana. Alipofariki nikaipeleka kwa fundi nikamwambia, kwa mapenzi yote, aifanye iwe kama mpya. Alinisikiliza vizuri mno. Alibadilisha kioo, akaupaka rangi uso, akaling'arisha kasha lote mbele na nyuma kwa mashine. Niliporudi nayo nyumbani mama aliishika, akaigeuza, akapitisha kidole gumba mgongoni, akaigeuza tena. Kisha akaniuliza nimeiacha wapi saa ya baba.

Wakusanyaji wana sheria moja wanayoirudia kila siku: usiing'arishe. Wanaisema kwa ajili ya bei, kwa kuwa kingo za kasha zikishasuguliwa hazirudi. Mimi niliielewa kwenye baraza ya nyumbani, kutoka kwenye kidole cha mama kilichotafuta namba na kisiione.

Sultani Qaboos alifariki tarehe 10 Januari 2020. Ami alinipigia simu wiki hiyo, sauti yake imepwaya, akaniambia kuwa ameshaandika karatasi: jina lake, mwaka aliopewa saa, wizara aliyokuwemo, na ni nani aliyesimama mlangoni siku ile. Karatasi ameikunja na kuiweka ndani ya kisanduku cha saa, pamoja na picha. Mjukuu wake wa kike ndiye atakayeirithi. Mkanda utapunguzwa vipingili viwili, na vipingili vyenyewe vitahifadhiwa humohumo kisandukuni. Zaidi ya hapo haitaguswa.

Ya baba naivaa mimi. Inakwenda, ingawa kwa siku hupoteza kama dakika moja, na kila asubuhi naipeleka mbele kidogo. Fundi mwingine wa Darajani aliwahi kuniambia kuwa anaweza kuichora ile namba upya kwa mashine, tarakimu zikatoka nzuri zilizonyooka. Nilimshukuru, nikaondoka. Namba yenyewe ilikuwa 417, na saba yake baba aliiparaza ikiwa imelala upande.